Njia Waliyoiacha Farasi: Baiskeli Kando ya Mifereji ya Ufaransa

Ukitoka Toulouse asubuhi kwa baiskeli na kuufuata mfereji wa Canal du Midi kuelekea mashariki, ukishaupita mji unaweza kukanyaga kilomita kadhaa bila kugusa gia. Maji yametulia upande mmoja, mashamba ya ngano na alizeti yamejitandaza upande wa pili, na njia imelala kama jamvi. Ghafla kinatokea kijilima kifupi cha mita mbili tatu. Unakaza miguu, unapita nyumba ndogo ya mlinda lango, na juu yake njia inalala tena vilevile. Kilomita chache mbele kinatokea kijilima kingine, nacho kina nyumba kama ile.

Nyumba hizo zina bamba juu ya mlango linalotaja jina la lango la maji na umbali, kwa mita, hadi lango la nyuma na lango la mbele. Mwendesha baiskeli hulisoma kama kibao chake cha barabarani, lakini liliwekwa kwa ajili ya wenye mashua, na njia anayopita ilitengenezwa kwa ajili ya farasi anayevuta tishari kwa kamba. Mambo yanayowatatiza watu wanaopanga safari ya aina hii ni mengi. Mbona njia ni tambarare katika nchi yenye vilima? Mbona hakuna magari? Mbona lami inakatika pasipo sababu inayoonekana, na mbona kando ya mto mkubwa kama Loire unajikuta barabarani pamoja na magari ya wanakijiji? Karibu yote yanajibika ukimfikiria yule farasi, maji aliyoyafuata na sheria iliyomlinda.

Ngazi ya maji

Aliyewahi kutembea kando ya mfongo, ule mtaro wa kumwagilia mashamba kule Uchagani, hatapata shida kuelewa. Mfongo hauporomoki mlimani moja kwa moja. Unatambaa ubavuni ukishuka kidogo kidogo, na kijia kinachoufuata hakichoshi hata pale mlima wenyewe unapokata pumzi. Mfereji wa mashua unafanya hivyo kwa ukali zaidi, kwa sababu maji yake hayatakiwi kukimbia kabisa. Maji yakikimbia, farasi anayevuta kuelekea juu anachoka na mashua inayoshuka inamshinda nahodha. Basi wajenzi wanaigawa nchi katika vipande vya maji yaliyolala, kila kipande kama kidato cha ngazi.

Kati ya kidato na kidato pana chumba cha mawe chenye milango miwili, mmoja juu na mmoja chini. Hilo ndilo lango la maji. Mashua inaingia kutoka chini, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanaachiliwa kutoka kidato cha juu, chumba kinajaa, mashua inainuka, mlango wa mbele unafunguliwa. Hakuna injini inayoinua kitu. Maji yanajazana yenyewe mpaka yawe sawa pande zote mbili. Kile kijilima kilichokukaza miguu ni ubavu wa chumba hicho. Kwa hiyo idadi ya malango kwenye ramani inakuambia mengi kuhusu siku yako. Yakiwa mengi, unapanda au unashuka. Yakiwa machache, una meza mbele yako.

Mahali pazuri pa kuliona hili ni kati ya lango la Argens na malango ya Fonserannes, karibu na Béziers. Hapo maji yanakwenda kilomita 54 hivi bila lango hata moja. Ili yabaki kwenye kimo kimoja, mfereji umezungushwa kila kilima na kuingizwa kila bonde, ukipita vijiji vya Capestang na Poilhes kwa kona nyingi kuliko unavyotarajia. Msafiri mwenye haraka anaikasirikia sehemu hii, kwa maana anauona mnara wa kanisa mbele yake na nusu saa baadaye anauona ubavuni. Mimi naipenda kuliko nyingine zote, kwa kuwa huko unaendesha juu ya mstari ambao watu wa karne ya 17 waliuchora ardhini kwa kupima kimo cha maji tu. Pale kilima cha Ensérune kilipokataa kuzungukwa, walikitoboa. Handaki la Malpas, la mwaka 1679, lina urefu wa mita 165 hivi, na linatajwa kuwa la kwanza kuchimbwa kwa ajili ya mfereji wa mashua. Kisha Fonserannes kidato kinageuka ngazi kweli: vyumba vya umbo la yai vimepangwa mfululizo, na kimo chote ni mita 21.5. Hapo baiskeli yenye mabegi mazito inataka breki nzuri.

Ngazi hii ina tatizo moja kubwa. Kila mashua inayopita lango inateremsha chumba kizima cha maji. Mfereji unaovuka mgongo wa nchi, kutoka bonde la mto mmoja hadi bonde la mwingine, unayamwaga maji yake pande zote mbili mchana kutwa, na juu kabisa hakuna mto wa kuyarudisha. Wazo la kuunganisha Atlantiki na Mediterania lilizungumzwa muda mrefu, likakwama hapo. Aliyelikwamua ni Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya chumvi. Aliyakusanya maji ya vijito vya Montagne Noire, milima iliyo kaskazini mwa njia ya mfereji, akayaleta kwa mitaro hadi Naurouze, mahali pa juu kabisa, mita 189 kutoka usawa wa bahari. Akajenga na bwawa la Saint-Ferréol ili kiangazi kisimkaushe.

Mfalme Louis XIV alitoa amri ya ujenzi Oktoba 1666. Wakati kazi ilipopamba moto wafanyakazi walifika 12,000, wanaume kwa wanawake, na Riquet aliwalipa hata siku za mvua na za ugonjwa, jambo lisilokuwa la kawaida zama zile. Alifariki Oktoba 1680. Mfereji ulifunguliwa Mei 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la chumvi la Thau, naye hakuuona ukikamilika.

Hesabu ya mwendesha baiskeli inatoka humo. Toulouse mfereji uko kwenye kimo cha mita 130 na ushei, Naurouze ni mita 189, na kati yake ni zaidi ya kilomita 50. Unavuka mgongo unaotenganisha bahari mbili kwa kupanda kama mita moja kila kilomita. Ukiwa na siku ya ziada, toka Naurouze ufuate mtaro mmojawapo wa kuleta maji, ule wa bondeni, Rigole de la Plaine, kuelekea Revel na Saint-Ferréol. Ni kijia chembamba chenye kivuli, na kinakufikisha kwenye maji yenyewe yanayoifanya safari yote iwezekane. Wengi wanaupita bila kujua upo.

Sheria ya mita 7.80

Farasi mmoja aliyeshindwa na tani chache kwenye barabara mbovu aliweza kuvuta makumi ya tani zikiwa zinaelea. Faida hiyo ndiyo iliyolipia mifereji yote ya Ulaya. Lakini farasi alitaka masharti yake: njia isiyokatika kando ya maji, isiyo na mwinuko mkali, isiyopishana na mikokoteni. Ndiyo maana mara nyingi njia hizi hupita chini ya madaraja, si juu yake. Kamba haikupaswa kufunguliwa. Leo mwendesha baiskeli anapita chini ya barabara ya magari bila kusimama, na anayestahili shukrani ni kamba ile. Kwenye baadhi ya madaraja ya zamani bado unaona mawe yaliyolika pale ilipokuwa ikisugua.

Kwenye mito, ambako ukingo ulikuwa wa wenye mashamba, dola ililazimika kutumia sheria. Amri ya Agosti 1669, enzi ya waziri Colbert, iliwataka wenye ardhi waache wazi futi 24 upande wa njia ya farasi na futi 10 upande wa pili. Vipimo hivyo vimo hadi leo katika sheria ya Ufaransa kwa lugha ya mita: 7.80 na 3.25. Farasi wameondoka, nafasi yao imebaki.

Biashara ya mfereji ilidhoofishwa na reli. Mwaka 1857 treni ilikuwa inatoka Bordeaux hadi Sète, na mwaka uliofuata kampuni ya reli ikakodishiwa mfereji wenyewe kwa miaka 40. Hakuna mwenye reli atakayeulisha mfereji unaoshindana naye. Kisha sheria ya mwaka 1879 iliyoletwa na waziri Freycinet ikaweka kipimo cha taifa cha malango, mita 38.5 kwa 5.2, ili matishari makubwa yapite. Malango mengi ya Midi, yenye mita kama 30, yakabaki mafupi. Mizigo ilipungua, na mwishoni mwa miaka ya 1980 tishari la mwisho la biashara likaacha kupita. Yaliyouua mfereji kibiashara ndiyo yaliyouhifadhi. Haukupanuliwa wote, haukufukiwa kuwa barabara kuu, na ukingo wake ulibaki mali ya umma, kwa kuwa maji yake bado yanahitajika na wakulima, na boti za watalii bado zinapita.

Mfereji si mto

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi. Ramani inaonyesha mstari wa baiskeli kando ya maji, mtu anadhani kote ni kule kule.

Kando ya mfereji, ukingo wote ni wa dola, chini ya usimamizi wa shirika la Voies navigables de France lililoanzishwa mwaka 1991. Halmashauri ikitaka kuweka njia ya baiskeli inazungumza na mwenye mali mmoja, wanakubaliana nani atatengeneza na nani atafagia, kazi inaanza. Kando ya mto, zile mita 7.80 mara nyingi ziko ndani ya shamba la mtu. Sheria inamlazimisha awaache wapite waenda kwa miguu na wavuvi. Baiskeli haimo katika lazima hiyo. Kwa kila kilomita kuna wenye ardhi wa kuongea nao, na mmoja akikataa, njia inakwenda kuzunguka barabarani.

Ongeza na tabia ya mto wenyewe. Loire ni mto unaofurika kwa nguvu. Mafuriko ya 1846, 1856 na 1866 bado yamechorwa kwa alama kwenye kuta za vijiji. Tangu Zama za Kati watu wa bonde lile wamejenga matuta marefu ya kuzuia maji, na juu ya tuta, mahali pakavu pasipofurika, wakapitisha barabara. Kwa hiyo mahali ambapo mgeni angependa njia yake iwe pameshachukuliwa na magari. Njia ya La Loire à Vélo, ya kilomita 900 hivi, inakwepa kwa kuvuka mto huku na huku, ikichanganya vijia vya mchanga, njia za mashambani na barabara ndogo za vijijini zenye magari machache. Ni safari nzuri sana, yenye kasri na mashamba ya zabibu. Lakini anayekuja na watoto akiwa ameahidiwa “hakuna magari” anapaswa kujua tofauti hii kabla ya kufunga mizigo.

Wafaransa wana maneno mawili yanayoitenganisha, na mtu akiyajua anaweza kuisoma ramani yoyote. Voie verte, yaani njia ya kijani, imetajwa katika sheria ya barabarani tangu mwaka 2004: ni ya watembea kwa miguu, vyombo visivyo na mota na wapanda farasi peke yao. Véloroute ni njia ndefu iliyowekewa vibao kwa ajili ya baiskeli. Inaweza kuwa na vipande vya kijani na vipande vya barabara ya kawaida. Ile EuroVelo 6 inayotoka mdomo wa Loire hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 4,000, ni ya aina hii ya pili. Hata kwenye njia ya kijani usishtuke ukikutana na gari la mafundi wa mfereji au la anayeishi langoni. Lina ruhusa, na huenda polepole.

Lami inapokatika

Kutoka Toulouse kwenda magharibi kuna mfereji wa pili, Canal de Garonne, wa kilomita 193, uliokamilika mwaka 1856. Ukiunganishwa na Midi, unapata maji yanayofuatana kutoka upande wa Bordeaux hadi Mediterania. Mtu anayetaka kuanza safari za namna hii kwa utulivu nitamwelekeza huko kabla ya Midi. Karibu njia yote ina lami, miji kama Moissac ipo kando ya maji, na kule Agen mfereji wenyewe unavuka mto Garonne juu ya daraja la mawe lenye matao 23 na urefu wa mita 539. Unaendesha baiskeli darajani, boti inapita kando yako, na mto unakwenda zake chini yenu nyote.

Upande wa Midi, lami inakufuata kutoka Toulouse hadi karibu na Naurouze, kisha inakoma. Ardhi haijabadilika, umevuka mpaka wa mkoa. Haute-Garonne ilitia fedha mapema, Aude ikafuata kwa vipande. Kutoka hapo kwenda mashariki kuna sehemu zilizoshindiliwa changarawe, na kuna sehemu ambazo bado ni kijia cha udongo cha upana wa mabega, chenye mizizi inayorusha kiti. Mvua ikinyesha panakuwa tope. Kwa tairi nyembamba za mashindano ni mateso; tairi za milimita 40 zinatosha, na usizijaze upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe.

Mizizi hiyo ni ya platani, na hapa sina budi kusimama kidogo. Karne ya 19 kingo za Midi zilipandwa miti hii, ikafika 42,000. Ilishika udongo wa kingo, ikapunguza jua linalonyonya maji, na matawi yake yakakutana juu ya mfereji kama paa. Mwaka 2006, karibu na kijiji cha Villedubert, uligunduliwa ugonjwa wa kuvu uitwao kitaalamu Ceratocystis platani. Inaaminika uliingia Ufaransa mwaka 1944, ndani ya mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani. Hauna dawa. Unapita kutoka mzizi hadi mzizi, na boti zinazojisugua kwenye mizizi iliyojitokeza majini zikaubeba kutoka ukingo hadi ukingo. Maelfu kwa maelfu ya miti imekatwa na kuchomwa. Inayopandwa sasa ni ya aina mbalimbali, ili ugonjwa mmoja usije ukafagia yote tena.

Kwa hiyo kuna siku utatoka kwenye kivuli kizito na kuingia ghafla kwenye kilomita nyingi za jua kali, vishina pande zote na miche iliyofungwa kwenye vijiti. Inauma kuona. Mwezi wa Julai inauma na ngozini. Beba maji ya kutosha, na ukiegemeza baiskeli kwenye platani iliyobaki, usiichubue gome, kwa kuwa kidonda ni mlango wa ugonjwa.

Tambarare pia inachosha

Kuna jambo ambalo wasiozoea hawalitarajii. Kwenye nchi ya milima unapanda kwa jasho kisha unateremka umekaa. Kando ya mfereji hakuna mteremko wa kukupumzisha. Miguu inazunguka saa tano mfululizo, makalio yako palepale, viganja vinakufa ganzi. Shuka mara kwa mara hata kama hujachoka. Malango yanasaidia: baadhi ya nyumba za walinda lango zimekuwa vibanda vya kahawa na chakula, na kutazama boti ikipanda ngazi ni sababu nzuri ya kukaa.

Kisha upepo. Bonde linalopitiwa na Midi ni mlango wa upepo kati ya milima miwili, Pyrénées na Montagne Noire. Upepo wa Cers unavuma kutoka magharibi, ule wa Autan unatoka kusini-mashariki, na kila mmoja una uwezo wa kukufanya ukanyage tambarare kama unapanda Usambara. Cers ndio unaotawala siku nyingi upande wa Carcassonne, kwa hiyo wengi huanzia Toulouse na kuelekea baharini. Wakati wa baridi sehemu za mfereji hukaushwa kwa ajili ya ukarabati, na njia inaweza kufungwa. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ya kuipanga safari.

Ukifuata hadi mwisho, mfereji unamwagika kwenye ziwa la Thau, mahali panapoitwa Les Onglous, penye mnara mdogo wa taa. Mbele yako ni maji mapana na mashamba ya chaza. Farasi hakuweza kuendelea, kwa kuwa ziwani hakuna ukingo wa kupita akivuta mashua. Kamba ilifunguliwa, matanga yakapandishwa. Wewe unageuza usukani kulia kuelekea Marseillan-Plage, ambako kuna njia ya baiskeli juu ya ukanda mwembamba wa mchanga kati ya ziwa na bahari, mpaka Sète.